Fundi Rangi na Shuka la Njano

Kwenye wodi ya wanaume, nafasi ya mfamasia ni miguuni pa kitanda, pembeni ya ndoo ya takataka. Hakuna aliyempangia. Ila daktari akisimama kichwani, wanafunzi wakijazana ubavuni na sista akiegesha toroli lake, panabaki hapo tu. Ndoo haina mfuniko. Ndani kuna pamba zenye usaha, maganda ya machungwa na glavu zilizovuliwa nje ndani. Kila asubuhi mfamasia, mama wa watu, anaanza kazi kwa kupumulia mdomo.

Walimwita Dirisha. Kabla uongozi haujaamua kwamba mfamasia naye azunguke na timu, alikaa chumba cha dawa, nyuma ya kidirisha, akiona mikono tu: inaingia na cheti, inatoka na vidonge. Jina alilitoa daktari, wodi ikacheka, likaganda.

"Dirisha, ile dawa ipo au imeisha?" Ndiyo maswali aliyokuwa anaulizwa. Mtu kasomea jinsi dawa zinavyogombana mwilini, anaulizwa kama ipo.

Na daktari mwenyewe, sasa. Ananawa ncha za vidole tu, halafu anajifutia kwenye shuka la mgonjwa. Dirisha alikuwa akiona hivyo anatazama pembeni.

Asubuhi hiyo walifika kwa fundi rangi, mzee aliyepaka nyumba za watu maisha yake yote. Aliletwa moyo wake ukienda ovyo. Akaanzishiwa dawa ya moyo, uvimbe wa miguu ukapungua, kisha akaanza kutapika. Beseni lake lilikuwa chini ya kitanda, matapishi yamekaukia pembeni, nzi wamehamia.

"Baba, vipi leo?" daktari akauliza.

"Shuka la njano hili. Nasema kila siku, hamsikii."

"Baba, mashuka ndiyo hayohayo," sista akasema. "Kwani kwako unalalia hariri?"

Wanafunzi wakacheka. Dirisha akalitazama lile shuka. Lilikuwa la njano kweli, njano ya jasho na mikojo ya watu waliokwisha kwenda zao. Damu ikamchemka.

"Dada, hata mbuzi halali hapa. Mbadilishieni."

"Dirisha naye," daktari akasema. "Mashuka nayo siku hizi yanatoka chumba cha dawa?" Akajifuta vidole. "Mzee kichwa kimechoka, ni umri huo. Mpeni ya kuzuia kutapika, mchana aende akapumzike kwake."

Wakapita. Dirisha hakupita. Alikwenda stoo, akagombana na mtu wa stoo, akarudi na shuka jipya lenye mikunjo ya kiwandani. Mke wa mzee akaruhusiwa kurudi ndani, maana raundi ikianza ndugu wote hufukuzwa nje. Wakatandika wawili.

Mzee akalikagua. "Na hili la njano."

"Baba, hili jipya kabisa."

"Mwanangu, nachanganya rangi tangu sijamuoa huyu. Usinifundishe njano. Hata koti lako la njano."

"Mwache tu," mkewe akasema. "Asubuhi kaniambia na mimi wa njano, nikadhani ananisifia."

Dirisha akalitazama koti lake jeupe, akaacha kunyoosha shuka. Akashika mkono wa mzee, akatafuta mapigo. Yalikuwa yanakuja moja moja, yanajivuta.

Alikuwa analijua jambo hili. Dawa ile ya moyo ikizidi, mtu anatapika, mapigo yanashuka, macho yanaona njano. Mzee kasema kila siku, na yeye kila siku akasikia uchafu tu. Pua ilikuwa imemziba masikio. Akajiona hovyo kuliko ile ndoo.

"Mama, kuna dawa yoyote unampa wewe?"

Mke akatoa kitambaa kilichofungwa fundo chini ya mto. "Ya moyo hii. Kliniki waliniambia asikose hata siku moja. Nampa kabla sista hajapita."

"Na sista akipita?"

"Anampa ya kwake. Mimi najua ya hospitali ni ya hospitali."

"Hakuna aliyekuuliza?"

"Aniulize nani, mwanangu, na mimi niko nje?"

Daktari alikuwa chumba cha masista, anakula mkate kwa vidole vilevile.

"Dokta, fundi rangi asiende popote. Dawa ya moyo imemzidi. Tunampa sisi, na mkewe anampa. Mapigo yameshuka, anaona njano."

"Si njano ya lile shuka?"

"Nimetandika jipya."

Taya la daktari likasimama. Lakini aliinuka haraka, tusimnyime hilo. Dawa ikasimamishwa, mashine ya moyo ikasogezwa kitandani, damu ikapelekwa maabara. Ilirudi na majibu yaleyale aliyosema Dirisha.

Mzee alikaa wodini mpaka kutapika kukakoma. Raundi moja daktari akawaambia wanafunzi, "Hapa timu yetu iligundua mapema sana." Dirisha, pale pale pa ndoo, akalirudia neno kimoyomoyo. Timu. Iliyotaka kumrudisha mtu nyumbani na kitambaa chake cha dawa. Ila safari hii pembeni yake alisimama mke wa mzee. Sista alipomwonyesha mlango, Dirisha alimshika mama huyo mkono tu, akasema, "Huyu habanduki."

"Haya, baba," daktari akasema, akilivuta shuka kidogo. "Leo rangi gani?"

Fundi rangi akainamisha kichwa, akalipapasa shuka taratibu.

"Leo jeupe," akasema. "Ila hapa kuna alama za vidole. Kuna mtu anajifutia."

Daktari akaingiza mikono mfukoni.