Lori Lililomheshimu Mwenyekiti

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa dereva wa lori la kijiji chetu, upande wa Handeni. Lilikuwa lori kuukuu la dizeli, gia zake ngumu, na lilikuwa mali ya wote. Maana yake kila mtu alikuwa na haki ya kunifundisha kuliendesha.

Msimu mmoja wa mahindi likaanza kuishiwa nguvu. Tukitoka kijijini linakwenda kama limepewa cheo. Tukishafika mbali, kila nikikanyaga mafuta linaguna na mwendo unashuka. Narudi gia ya tatu, narudi ya pili, mwisho tunapitwa na bibi mwenye mzigo wa kuni, naye ananipa pole.

Nilianza na klachi. Klachi ikiteleza, injini hupiga kelele huku gari halisogei. Injini yetu haikupiga kelele, ilififia yenyewe. Basi shida ni hewa au mafuta. Nikafungua filta ya hewa, nikakuta vumbi la kutosha kupandia mihogo. Nikaisafisha, wapi! Nilipofika Korogwe, pale Manundu, mzee wa Kihindi mwenye duka la vipuri alinisikiliza macho ameyafumba, kisha akasema, "Pampu hiyo." Kwake kila gari liliugua pampu. Pampu hakuwa nayo, akaniuzia filta ya dizeli. Nikaifunga, lori likaondoka vizuri, nikamwombea dua. Kabla ya nusu ya njia nikaifuta dua.

Kikao kikaitwa. Fundi hata mmoja hakuwepo, kwa hiyo mjadala ulikwenda vizuri sana. Katibu alisema lori limechoka, lipumzishwe. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye usukani aliowahi kushika ni wa baiskeli, aliona mbali zaidi.

"Ndugu zangu," alisema, "nikilijaza mafuta mimi, linaondoka vizuri. Likibaki na dereva peke yake, linagoma. Hii ni hujuma. Dizeli inauzwa njiani."

Siku zile kuitwa mhujumu halikuwa jambo la kucheka.

Ni kweli tangi alikuwa akilifungua mwenyekiti tu. Mwanzoni mwa msimu aliona dizeli ikidondoka kwenye kitundu cha mfuniko, akatangaza kwamba jasho la wakulima linamwagika. Kitundu kikazibwa kwa risasi ya kuyeyusha, mfuniko ukawekwa mpira mzito na kufuli, ufunguo ukaning'inia shingoni mwake. Nami nikafurahi kupunguziwa lawama.

Safari iliyofuata akapanda mwenyewe, akakaa pembeni yangu kama polisi. Tulipofika kwenye kilima, lori likaanza kuguna.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga, mzee."

"Kanyaga kama mtu aliyekula!"

Likazima. Akashuka kwa furaha, akavua ufunguo ili aone pengo la dizeli niliyouza. Alipolegeza mfuniko tu, tangi likavuta pumzi ndefu, fyuuu, hadi akaruka nyuma. Alipochungulia, dizeli ilikuwa tele. Akaitazama kama mtu aliyedhulumiwa.

"Washa," akasema.

Baada ya kusukuma kidogo pampu ya mkono ya kuvuta dizeli, likawaka, likapanda kilima na magunia yote.

"Umeona?" akasema. "Linataka usimamizi."

Lakini mimi nilikuwa nimeisikia ile pumzi. Mafuta yakipungua tangini, lazima hewa iingie badala yake. Kwa kuziba kile kitundu, sisi tulikuwa tumeliziba pua, na kila injini ilipotaka mafuta mengi, ilinyonya bila kupata. Nikamweleza polepole, nikilitumia sana neno "sisi" na kulikwepa kabisa neno "wewe".

Aliugeuzageuza ufunguo mkononi.

"Kwa hiyo hukuuza dizeli?"

"Sikuuza, mzee."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akashusha pumzi. "Simamisha gari. Toboa."

Nikaitoboa ile risasi kwa msumari, pale pale kando ya barabara. Tuliingia Korogwe mapema, tukashusha mahindi ghalani, na yeye akaninunulia chai bila kusema ni ya nini.

Kwenye mkutano wa kijiji alieleza jinsi uongozi ulivyochunguza tatizo na kuliondoa kwa mikono yake wenyewe. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Kisha akapendekeza iundwe kamati ya kusimamia mifuniko, nami nikachaguliwa kuwa katibu wake.