Vitanda vya shule vilivyotupwa, na ng'ombe wa mama niliyemweka rehani

Wakuu, nawasalimu kutoka Kanja, Embu. Haya ni mambo yangu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu, na hata sehemu za kuchekesha sitaziruka.

Niliporudi kutoka Doha, watu wa kwetu walisema sitaweza kitu. Mjomba wangu Njiru alisema wazi nje ya kanisa, mkono begani mwangu kama mtu anayenibariki:

"Huyu ametoka Uarabuni na begi moja na diploma. Mwaka ukiisha atakuwa amerudi Doha, ama anapikiwa na mamake."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, lakini nilikariri nyuso zao.

Kabla mniulize: pesa za Doha zilienda kwa karo za ndugu zangu na kwa mabati ya nyumba ya mama. Si pombe. Mimi hata soda huwa nainywa nusu.

Sasa, kuna shule ya bweni huku kwetu ilikuwa imenunua vitanda vipya. Vile vya zamani, double decker za chuma, walivirundika nyuma ya jikoni mpaka nyasi zikaota katikati. Wengine waliona scrap ya kuuzwa kwa kilo. Mimi niliona chuma kizito, cha zamani, kisichopinda. Ukikata double decker katikati na kuchomelea miguu, unapata vitanda viwili. Diploma yangu ni ya electrical, lakini welding nilijifundisha Doha nikiangalia Wanepali. Hapo ndipo huwa nawaambia vijana, macho hayalipiwi.

Capital ya kuvinunua kutoka shuleni nilikopa. Akina mama wa chama cha akiba cha mama yangu walinipa, shemeji yangu ambaye ni mwalimu akanipa, na sehemu kubwa ikatoka kwa Salim, mwenye bucha pale Runyenjes. Salim ni mtu wa dini na wa maneno mazuri, lakini hakopeshi mdomo mtupu. Alitaka dhamana.

Dhamana ilikuwa ng'ombe wa mama. Ni mmoja tu, na maziwa yake ndiyo yanamnunulia mama sukari na dawa za pressure. Tulikubaliana kwamba Krismasi ikifika kama sijamaliza kulipa, ng'ombe anaenda bucha.

Mama alikubali, ila alinitazama vizuri kwanza. "Ukimpoteza huyu, utanikamua mimi?"

Nikafanya kazi, wakuu. Nilikata, nikachomelea, nikapiga msasa mpaka mkono ukafa ganzi. Halafu nikafanya jambo ambalo nililiona ni la akili sana: nikavipaka vyote rangi nyeupe. Nilitaka vionekane safi, kama vya hoteli za kule nilikotoka.

Siku ya soko nikavipeleka Runyenjes, nikavipanga kando ya barabara. Vilimeta kabisa. Watu walikuwa wanapita mbali kidogo, kama wanaopita kaburi.

Mama mmoja wa mboga ndiye alinihurumia akauliza. "Kijana, nani alifia hapa?"

"Hakuna mtu alikufa mama, ni vitanda vya shule."

"Shule gani inalaza wagonjwa?"

Mwingine akadakia, "Mimi nikilala hapo nitaanza kungoja daktari!"

Mjue kwetu mtu anaweza kununua koti la marehemu na akalivaa kanisani, lakini kitanda ambacho hajui ni nani alikata roho juu yake, hapana. Na mimi kwa mikono yangu nilikuwa nimegeuza vitanda vya wanafunzi kuwa wodi. Nikarudi Kanja navyo vyote. Nilipovibadilisha rangi, wapi! Habari ilikuwa imefika kila kijiji kwamba mtoto wa fulani anauza vitanda vya mochari.

Salim naye akaanza kututembelea. Anafika kwa boda, anamzunguka ng'ombe polepole, anampapasa mgongo. "Fundi, mimi sina haraka," ananiambia. "Ni Krismasi ndiyo ina haraka."

Ikafika mahali mama akisikia pikipiki anamhamisha ng'ombe nyuma ya migomba.

Kilichoniokoa ni kitu kila mtu hapa hukiona na hakuna anayekifikiria. Pickup za miraa, yale majani ya kutafuna, zinatoka mji wa Maua usiku, zinafika Nairobi mbio kama zina moto, halafu zinarudi tupu zikipitia kwetu. Dereva mmoja, Mwenda, tulilala chumba kimoja Doha. Siku moja alisimama Runyenjes kunywa chai, nikamwonyesha picha za vitanda kwa simu, za kwanza vikiwa vyeupe, na za baadaye nikiwa nimevipaka rangi ya chokoleti.

"Hivi vyeupe hata mimi naona kama nitaletewa uji," akasema. "Lakini hivi vingine leta. Maua watu wanajenga vyumba vya kupangisha kila kona. Wachumaji wa miraa watalala wapi? Nitapita kesho. Nikipiga honi na haujatokea, mimi naenda. Sijazoea kungoja mzigo."

Hakungoja kweli. Nilikuwa barabarani mapema, mzigo umefungwa, nikapanda nao nyuma.

Maua nilipata mama mwenye ploti ya vyumba vingi. Alikaa kwenye kitanda, akaruka juu yake na mwili wake wote, kikatulia. "Nachukua vyote," akasema, "lakini pesa ngoja zirudi kutoka Nairobi." Nilifikiri ameniweza. Kumbe huko ndivyo wanaishi, miraa ikiuzwa ndiyo simu zinaanza kulia. Nilikaa kwa mlango wake kama mgeni wa posa. Mchana simu yangu ikalia pia, pesa zimeingia. Akaniagiza vingine.

Kutoka hapo sikushikika. Shule nyingine, hoteli iliyokuwa inabadilisha makabati, zote nilizifagia, na pickup tupu zikanibebea kwa bei ya chai.

Akina mama wa chama niliwalipa wakaimba. Shemeji alihesabu mara mbili, ni mwalimu. Salim nilimwita nyumbani, siku chache kabla ya Krismasi, nikamlipa mbele ya mama.

Akatia pesa mfukoni, akamwangalia ng'ombe kwa huzuni ya kweli. "Mama, mimi nilikuwa nimeshaahidi watu nyama."

"Waambie wale maharagwe," mama akajibu, akammiminia chai nyeupe ya maziwa mpaka kikombe kikamwagika.

Funzo langu, wakuu: kabla ya kutengeneza kitu, muulize atakayekitumia anakiogopa nini. Na gari linalorudi tupu kwenu linatoka wapi? Niambieni hapo chini. Wenye wivu pia wanaruhusiwa.