Kiazi Ndani ya Pipa la Oddlaug

Wifi yangu Oddlaug, mke wa kaka yangu Nils, alitulowekea mbavu za kondoo za Krismasi kitongoji kizima kwa miaka arubaini na sita, na hakupima chumvi kwa kitu chochote ila ulimi wake. Alichovya kidole ndani ya pipa, akalamba, akasema, "Bado." Mbavu zake hazikuoza hata mwaka mmoja, wala hazikumshinda mtu kwa chumvi.

Kisha kiangazi kimoja homa ilimwachia kila kitu isipokuwa ladha ya ulimi. Kahawa, samaki, jemu, vyote kwake vikawa maji ya moto. Hakumwambia mtu. Novemba, nyumba sita zilipoleta nyama, aliniita ghalani akafunga mlango, akanieleza.

"Onja wewe."

"Nionje nini, wifi? Mimi najua kula tu."

"Basi nimekwisha. Nils awarudishie watu nyama zao."

Sikuwa nimemwona akilia tangu arusi yake. Nilisoma miaka saba tu, lakini nilisoma kweli, na masomo ya mwalimu Tveit ninayo mpaka leo. Nikatia kiazi pipani. Kikazama. Nikamimina chumvi, nikakoroga, nikamimina tena, mpaka kikapanda, kichwa chake kikatokeza juu ya maji upana wa kidole gumba.

"Umekifanya nini?"

"Kiazi sijakigusa. Maji ndiyo yamekuwa mazito."

"Maji ni maji! Usinifanye mtoto."

Nikajaza kikombe maji ya kisima mpaka ukingoni, nikakipima. Nikakimwaga, nikakijaza maji ya pipa. Mshale wa mizani ukapita pale ulipokuwa.

"Kikombe kile kile," nikamwambia, "ila humu chumvi imejibana. Mwalimu aliita densiti. Kiazi kinayashinda uzito maji matupu ya ukubwa wake, kinazama. Haya yanakishinda, yanakibeba. Kikitokeza hivi, chumvi imetosha."

Akakisukuma chini kwa kidole. Kikarudi juu. Akakisukuma tena.

"Miaka yote ulijua, ukaniacha nilambe?"

"Ulivyokuwa unaringa, nani angekuambia?"

Akacheka huku machozi hayajakauka.

Tulizilowesha mbavu, tukazitundika darini zikauke. Siku ya kuzila, Oddlaug hakugusa sahani yake. Alimtazama Nils mdomoni. Mzee yule akatafuna polepole, makusudi.

"Sema basi!"

"Ndizo zenyewe. Ila supu, mke wangu, tangu Agosti nakunywa bahari."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na bakuli ulikuwa unamaliza!"

"Ningebakisha, ungeuliza kwa nini."

Oddlaug akampiga begani kwa kitambaa cha mezani, kisha akauacha mkono wake pale pale.