Mkono wa Kushoto wa Bibi

Nilisikia beseni kwanza. Liligonga sakafu ya saruji, likabiringika, likaanza kuzunguka kwa mlio mwembamba uliozidi kuharakisha, kisha likanyamaza. Kilichonitoa mbio chumbani ni ule ukimya uliofuata, kwa sababu bibi yangu si mtu wa kuangusha kitu asikitukane.

Nilimkuta kwenye korido, katikati ya maji, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto anayesubiri uji. Mkono wa kulia ameukumbatia kifuani.

"Bibi! Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimekaa."

"Umekaa kwenye maji?"

"Kwani maji ni ya nani? Si yangu?"

Tulikuwa tunaishi wawili tu katika nyumba ile ya Masumbwe. Nilikuja kukaa naye miezi michache baada ya msiba wa babu, na sasa mwaka wa pili ulikuwa unaisha. Ni nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu, na korido moja ndefu inayotoka sebuleni hadi uani, kwenye choo na bafu. Bibi na babu waliijenga kidogo kidogo, msimu wa mpunga baada ya msimu wa mpunga, na bibi anaweza kukuonyesha mstari wa tofali ambapo mvua iligoma mwaka mzima na ujenzi ukasimama.

Kwenye kituo cha afya walisema mkono haujavunjika, umeteguka. Muuguzi aliyemfunga bandeji alinivuta pembeni. "Safari hii ni mkono, dada. Ikija kuwa nyonga, habari itakuwa nyingine." Akanielekeza. Bibi asiinuke kitandani ghafla, akae kwanza ukingoni hadi kichwa kitulie, maana dawa za presha huleta kizunguzungu. Sakafu isiwe na maji. Zile ndala zilizolika nizitupe. Taa ya korido iwake. Na kila kitu kinachoweza kumkwaza njiani nikiondoe. Hilo la mwisho nililishika kuliko yote.

Jumapili alikuja mjomba, mtoto wa kiume wa pekee wa bibi. Anauza pampu na vifaa vya wachimbaji kule Katoro, na sauti yake imezoea kushindana na bodaboda, kwa hiyo hata pole aliitoa kwa kelele.

"Mama, chumba kipo. Choo ndani, marumaru kila mahali. Unaamka, hatua tatu, umefika."

"Marumaru zako nazijua. Zinateleza kama mlenda."

"Utavaa soksi."

"Soksi! Mimi golikipa?"

Nilicheka. Mjomba hakucheka. Alinigeukia mimi, lakini maneno yalikuwa ya mama yake. "Akianguka tena, namchukua. Siku hiyo hiyo. Sitasubiri nije kumbeba kwenye machela."

Bibi aliinamia bandeji yake akawa anainyoosha kwa kidole, ingawa ilikuwa imenyooka. Mjomba alipoondoka, ugali wa bibi ulikuwa bado haujaguswa.

"Nilikaa kwake wiki mbili, wakati ule nilipotibiwa macho," aliniambia. "Mkwe wangu hana neno, ananipenda. Lakini kule hakuna mtu wa kunisalimia. Wanapita pale nje kama wamewashiwa moto nyuma. Siku moja nilimsalimia muuza maji, akaniuliza, bibi, unataka madumu mangapi? Nilikaa wiki mbili sijapiga magoti hata mara moja. Nikawa kama kitu kilichowekwa."

Mtu asiyetoka kwetu anaweza kudhani alikuwa analalamikia mapumziko. Lakini bibi ni Msukuma wa kulelewa zamani, na kwake salamu ya mwanamke kwa wakubwa wake ina kimo: unashuka kwanza, ndipo unasema. Magoti yake yana weusi mgumu wa maisha hayo. Katika kijiji chetu amebaki mtu mmoja tu aliye mkubwa kwake kiasi cha kupigiwa magoti, naye ni shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu babu, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kila asubuhi mzee huyo huja na fimbo yake kutusalimia kabla hajaenda kuwatazama ng'ombe ambao wajukuu zake wameshawatoa zamani.

Jumatatu nilifanya kazi kama mtu aliyelipwa. Nilitoa mikeka. Nilitoa magunia matatu ya mpunga yaliyosimama kwenye korido, mtungi wa maji uliokuwa ukivuja karibu na jikoni, na sebuleni nikatoa kigoda kizito cha babu, ambacho hata mimi kilishanigonga ugoko mara mbili. Vyote nikavipanga stoo. Nilibadilisha taa. Nikamnunulia bibi katambuga, viatu vile vya matairi vyenye mikanda, vinavyouma sakafu. Jioni nyumba ilikuwa nyeupe, nikamwita aone.

Alisimama akaitazama. "Kuna mtu anahama?" aliuliza.

Kesho yake asubuhi mzee aliingia, kofia mkononi.

"Mke wangu," aliniambia mimi, kama babu wa kwetu anavyomtania mjukuu, "umenipikia nini?"

Nilishuka magoti nikainuka kwa pumzi moja. "Shikamoo babu. Lete mboga kwanza."

"Muulize ana meno mangapi ya kuilia," bibi alisema, huku akija kutoka chumbani. Kisha utani ukamtoka usoni, akaja hadi mahali pake mbele ya shemeji yake, akashuka. "Mwangaluka," alimwamkia kwa Kisukuma. Aliulizwa habari za usiku, akajibu. Aliulizwa za mkono, akajibu.

Kushuka alishuka vizuri. Kuinuka ndiko kulikoniumbua. Mkono wake wa kushoto ulikwenda pembeni bila yeye kuutazama, kiganja chini, jinsi wewe unavyonyoosha mkono gizani kwenye swichi ya chumba chako mwenyewe. Ukashika hewa. Bibi akaufuata mkono.

Mzee alitupa fimbo akamdaka kanga. Mimi nilifika kwa magoti, nikaweka paja langu chini yake, akaniangukia mimi. Tulibaki hivyo watatu, tumeshikana kama watu wanaogombania kitu.

"Nimekaa," alisema bibi, kabla hatujamuuliza.

Hakuumia. Nilimpapasa nyonga, nikamwinua, nikamkalisha kwenye kochi. Alinishika kidevu kwa mkono wenye bandeji. "Usimwambie mjomba wako."

"Bibi..."

"Nimekaa. Wewe umeona. Shemeji ameona."

"Mimi siku hizi macho yangu hayaoni," alisema mzee, akiokota fimbo yake mbali alikoitupa, bila kupapasa.

Mchana ule nilimwambia bibi asipige magoti tena. Nilimwambia kwa upole, na nadhani upole ndio uliomuudhi.

"Nimsalimie nimesimama? Atauliza amenikosea nini."

"Babu mwenyewe ameniambia mlangoni, atakuelewa."

"Ataelewa. Ataelewa kwamba nimezeeka kuliko yeye. Basi." Aligeuka ukutani. "Hata hapa hapa nitakuwa nimeshahamia Katoro."

Nililia kidogo jikoni nikitwanga karanga.

Siku mbili baadaye alikuja fundi niliyemwita kuweka bomba la kushikia bafuni. Kazi yake halisi ni kwenye machimbo: anajenga kuta za maduara, yale mashimo ya dhahabu, kwa magogo yanayozuia udongo usiwaangukie walio chini. Wao huyaita matimba. Nilimpitisha kwenye korido nikimweleza jinsi nilivyoisafisha. Alisimama katikati.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Magunia ya mpunga. Umejuaje?"

Alinionyesha ukuta. Karibu miaka miwili sikuwa nimeuona: kwenye kimo cha nyonga, chokaa ilikuwa na mstari wa rangi ya chai, laini, unang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Ulitoka sebuleni, ukakatika kwa hatua mbili, ukaanza tena, ukakatika karibu na jikoni, ukaanza tena hadi uani. Ukuta wa pili ulikuwa na mstari wake, hafifu kidogo, wa kurudi.

"Huyu bibi anatembea kwa mkono," alisema fundi. "Ukuta, halafu magunia. Ukuta, halafu hapa palikuwa na kitu kingine."

"Mtungi."

"Mtungi. Ukuta." Alinitazama bila kunicheka, nikamshukuru kimoyomoyo. "Kule kwetu, dada, hung'oi timba hujajua limebeba nini. Mgeni ataliona limepinda, limekaa njiani, anasema toa hili. Dakika mbili, udongo wote uko chini."

Nilikuwa nafikiria kile kigoda cha babu, na mkono wa bibi ulioshika hewa.

Asubuhi iliyofuata sikumsaidia bibi kitu. Nilimfuata tu, hatua tano nyuma, nikiutazama mkono wake. Uligusa nguzo ya kitanda, ukagusa fremu ya chumba. Uliteleza juu ya chokaa, ukakosa gunia, ukasita, na mwili mzima ukasita nao. Nilimwona akikusanya ujasiri wa kuvuka hatua mbili za nyumba yake mwenyewe. Sikuwahi kujua mtu anaweza kusoma nyumba kwa ncha za vidole, na kwamba mimi nilikuwa nimechana kurasa.

Fundi aliweka bomba pande zote mbili za korido, bila kukatika, kwenye kimo cha ule mstari, si kwenye kimo nilichodhani mimi. Lingine aliliweka bafuni na lingine chooni. Magunia niliyarudisha, lakini nikayasukuma yabane ukuta, chini ya bomba. Mtungi ulihamia nje, uvujie udongoni. Kigoda kilirudi sebuleni, kushoto kwa mahali anaposhukia magoti, na fundi akakigongea vipande vya tairi miguuni kisitembee.

Tulifanya mazoezi, bibi na mimi, kila siku kabla ya chai. Tunashuka pamoja. Kiganja juu ya kigoda. Mguu wa kulia mbele. Tunatulia. Tunapumua. Tunapanda.

"Shusha kiuno, mke mwenzangu," aliniambia siku moja. "Hivyo ndivyo unavyomsalimia mume wetu? Kama unaokota kuni?"

Tulicheka hadi tukashindwa kuinuka, tukabaki chini wote wawili, na siku hiyo kweli tulikaa.

Mwisho wa mwezi mjomba alirudi. Alikuta bibi amevaa katambuga, uso umejaa, bandeji imetoka. Akafurahi. "Kwa hiyo hajaanguka tena?"

Bibi alinitazama. Sitasahau macho yale. Yalikuwa macho ya mtu anayeomba, na yeye si mtu wa kuomba.

"Ameanguka, mjomba," nilisema. "Mara moja. Lakini nilimwangusha mimi." Nikamweleza yote, kigoda na magunia. Nilimweleza kwa sababu kosa lilikuwa langu, na kwa sababu nyumba ikianza kuficha anguko moja, itaficha na lile ambalo halifai kufichwa. Bibi aliugeuza uso wake dirishani.

Mjomba alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mfungie nguo zake."

"Nguo zangu nazifunga mwenyewe," alisema bibi kwa sauti ndogo. Hakuinuka.

Hodi ya mzee ilitukuta hivyo hivyo. Aliingia, akatusoma mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza nimempikia nini. Bibi aliinuka kutoka kwenye kochi, akaenda mahali pake.

"Mama, msalimie umekaa!" Mjomba alikuwa ameshasimama. "Umri huo!"

"Nimsalimie nimekaa, nimekuwa chifu?"

Akashuka. Akamwamkia. Mjomba alinyoosha mikono yote miwili kumwinua, naye, bila kugeuka, akasema, "Acha." Kiganja kilikuta mti wa kigoda. Mguu wa kulia ukaja mbele. Akatulia, muda mrefu kuliko siku zote, nami nilikuwa nahesabu pumzi zake kana kwamba ni zangu. Mzee alisubiri. Alikuwa amejifunza, bila kuambiwa, kutouliza swali la pili hadi shemeji yake awe wima. Bibi akapanda.

"Ng'ombe wameamkaje?" akauliza yeye, akinyoosha kanga.

Mjomba alitoka kwenda kwenye korido. Tulimsikia akitembea polepole hadi uani na kurudi. Nilichungulia: alikuwa ameshika bomba, na kwa urefu wake ilimbidi ainame kama mzee.

"Nani alipima hili?"

"Mkono wake," nilisema.

Alimtazama mama yake. "Huogopi, mama?"

"Naogopa. Ndiyo maana nashika."

Mjomba alikunywa chai amesimama. Alituuliza kama macho yamepimwa upya, kama dawa zimeangaliwa, nikamwahidi tutakwenda wiki ile. Halafu akaniambia, na safari hii sauti yake ilitosha watu wawili tu, "Akianguka, nipigie. Hata akisema amekaa."

"Nitapiga."

"Jumapili nitakuja," alimwambia bibi.

"Uje na samaki. Usije na chumba."

Mjomba akacheka, akachukua ufunguo wa gari. Bibi alitaka kumsindikiza hadi barabarani, kama inavyotakiwa, mjomba akamzuia: jua kali, aishie pale. Nilidhani atabisha. Alimtengeneza kola ya shati, akampisha apite, akasimama akimtazama hadi alipoingia garini, kisha akausukuma mlango wa nyumba yake, ukafungika.