Kichwa cha Kapi wa Owino

Usiku ule Owino aliponijia, nilikuwa nimelala kwa bintiye, pale Naivasha, na vumbi la Lodwar lilikuwa bado limo masikioni mwangu. Nilikuwa nimetoka huko tulikokuwa tukichimba visima, nikadandia lori la ng'ombe hadi Kitale, nikalala kwenye magunia ya mahindi, nikapata lori jingine la mbao hadi Nakuru, na kutoka hapo nikamalizia safari nikiwa nimebanwa kati ya dereva na mke wa dereva, ambao hawakuwa wakisemezana. Mimi ndiye niliyepeleka maneno yao. "Mwambie afunge dirisha." "Anasema ufunge dirisha." Hivyo hadi ziwani.

Ni Akinyi aliyeniita. Baba yake, Owino, alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa vijana tusio na mahali pa kulala, na alipofariki kwa ugonjwa wa kifua, Akinyi alibaki na kibanda chake cha kukaangia samaki karibu na maji. Ujumbe aliotuma ulikuwa mfupi: "Baba Mdogo Barasa, njoo. Wanataka kumwondoa Baba."

Sikuhitaji kuuliza wanamwondoa wapi. Wavuvi wa ndoano wa ziwa lile wana samaki mmoja wanayemsimulia kuliko wengine wote, naye ni kapi wa Owino. Kapi ni samaki mnene, mwenye magamba makubwa na sharubu fupi. Hakuwa wa ziwa lile. Wazee husema walitoroka kwenye mabwawa ya wafugaji huko juu, mto ulipofurika, wakateremka na maji hadi ziwani. Siku zile hakuna aliyejua kuwavua kwa ndoano. Owino ndiye aliyejaribu ugali: akaukanda ukiwa baridi, akatia sukari kidogo, akaufinyanga kama tonge la mtoto na kuuchomeka kwenye ndoano. Watu walimcheka. "Owino, umeandaa na mboga?" Mpaka asubuhi moja mshipi wake ukakaza kama umenasa kwenye gogo, kisha gogo likaanza kuondoka.

Nilikuwepo. Niliingia majini mpaka kifuani katikati ya mafunjo, nikimwomba Mungu kiboko awe amelala, nikatia mkono shavuni mwa samaki yule na kumvuta nje. Sijawahi kuona kapi mkubwa kama yule kabla wala baadaye. Tangu siku hiyo watu wa pale husema "kabla ya kapi wa Owino" na "baada ya kapi wa Owino", na kila mgeni anayefika na fimbo yake ya kuvulia iliyofungwa kengele huonyeshwa mahali alipotolewa, ingawa siku hizi ziwa limepanda na mahali penyewe pako chini ya maji.

Ila tulikosea jambo moja. Pale ufukweni samaki hupimwa baada ya kutolewa matumbo na kukatwa kichwa. Kichwa hakipandi mizani. Kichwa ni cha yule aliyetia mkono shavuni, ndivyo desturi ilivyokuwa. Hakuna aliyewaza historia asubuhi ile, tuliwaza chakula cha mchana. Wakapima kiwiliwili, wakashangilia, na mimi nikaondoka na kichwa changu. Kilijaza sufuria.

Sasa kinyozi mmoja wa mjini, anaitwa Mwangi, alikuwa amempata kapi aliyekizidi kiwiliwili cha kapi wa Owino kwa kiasi kidogo tu. Tena akafanya kituko: alimpima akiwa mzima, kichwa na vyote, ndani ya wavu uliolowa, akapigwa naye picha, akamrudisha majini. Ufukwe mzima ulimzomea. "Kinyozi! Umenyoa kisha umerudisha nywele!" Lakini mashahidi walikuwepo wengi, na chama cha wavuvi wa ndoano kilikuwa kikutane siku moja baada ya mimi kufika, kumtangaza kuwa ndiye mwenye samaki mkubwa wa ziwa. Akinyi alipinga. Wakamwambia, basi, aliyekibeba kichwa cha samaki wa baba yako aje aseme kilikuwa kilo ngapi, nasi tutaongeza.

"Wewe ndiye uliyekibeba," Akinyi aliniambia tukila. "Na wewe ndiye uliyekila."

"Nilikila, lakini sikukipima."

"Si kilikuwa kizito?"

"Kilikuwa kizito sana, mama."

"Basi sema. Kilo zozote. Hakuna atakayekubishia." Akaacha kula. "Baba hana kitu kingine hapa duniani. Hana shamba, hana nyumba. Ana samaki mmoja."

Nikamwambia nitasema. Nilipolala nilikuwa nikitafuta namba, nikiipandisha na kuishusha, na usingizi ukanichukua kabla sijaipata.

Nilijikuta nimekaa jikoni mwa Akinyi, kumekucha, na sakafu ilikuwa maji. Hayakunitisha. Yalifika kwenye vifundo vya miguu, maangavu, na chini yake niliona ile changarawe ya ufukwe wetu wa zamani. Owino alikuwa amekaa kwenye kigoda, suruali ameikunja hadi magotini, anakanda ugali. Alikuwa na mwili wake wa zamani, si ule wa hospitali. Kifua hakikumkoroma.

Nilimtazama tu vidole. Alikanda bila haraka, akaufinya ugali, akaunusa.

"Sukari haitoshi," akasema.

Nikamtafutia sukari, na nilipogeuka na kopo mkononi jiko halipo. Tumesimama kwenye mafunjo, jua la asubuhi liko mgongoni, ndege weupe wanapita chini chini juu ya maji. Ziwa liko pale lilipokuwa tulipokuwa vijana. Owino ananipa mshipi nishike. Nauzungusha kidoleni na mara nahisi uzito ule ule, polepole, kama mtu aliye chini anavuta shuka upande wake. Ninaingia majini. Natia mkono shavuni, na samaki anainuka mwenyewe, mzima, na kichwa chake kipana, anafungua mdomo na kuufunga.

Owino yuko kando yangu, anamtazama samaki, kisha ananitazama mimi.

"Kichwa kilikuwa kitamu?"

"Kilikuwa kitamu, Owino. Nilikilamba hadi mifupa."

"Nilikupa au sikukupa?"

"Ulinipa."

"Sasa mbona unataka kukirudisha kwenye mizani?"

Maji yananipiga kifuani taratibu. Nataka kumwambia habari ya Akinyi, ya chama, ya kesho, lakini naona anazijua, jinsi mtu anavyoijua njia ya kwao.

"Huyo kinyozi," anasema. "Samaki wake mkubwa kweli?"

"Mkubwa."

"Na alimrudisha? Hai?"

"Hai. Walimzomea ufukwe mzima."

Hapo Owino akaanza kucheka. Nilikuwa nimekisahau kicheko kile. Alicheka akayapiga maji kwa viganja, akainama, akashika magoti, na samaki akaniponyoka, wala hakuna aliyejali.

"Basi bado anakula, huyo! Barasa, bado anakua!"

Tukawa tumekaa kwenye kitanda chake cha mwisho, kile cha wodi, ila dirisha lake linatazama ziwa. Nakumbuka katika miezi yake ya mwisho hakutaka kutazama dirishani. Ziwa lilikuwa limekauka hadi mbali, nyavu za matundu madogo zilikuwa zimewachota hata watoto wa samaki, na kila nilipopita kumwona alisema, "Limekwisha lile. Nilimtoa wa mwisho mkubwa." Nami nilidhani anajisifu.

"Sikuwa najisifu," anasema sasa, ingawa sikusema kitu. "Ulifikiri ni raha kuwa na samaki mkubwa wa mwisho?"

Anasimama. Suruali yake ni kavu.

"Mwambie Akinyi wakubwa bado wamo. Mwambie nimefurahi mpaka nimekuja."

Akashuka kitandani upande wa dirisha, na upande ule hapakuwa na ukuta. Nilimwona akienda kwenye maji ya kina kifupi, anatembea kama mtu anayewahi zamu, na hakugeuka.

Niliamka mikono yangu ikiwa imekunjwa kama nimeshika kitu. Kulikuwa kumekucha. Akinyi alikuwa nje anawasha jiko, anapuliza makaa na kuyalaumu. Nilitoka na shuka begani, nikamwambia yote kabla sijanawa uso, maana ndoto ikiguswa na maji hupungua. Alisikiliza akiwa amechuchumaa, kipande cha katoni kimesimama mkononi.

"Alikuwa anakohoa?" akauliza.

"Hapana. Hakukohoa hata kidogo."

"Alicheka kweli?"

"Alicheka mpaka akainama."

Akayapepea makaa kwa muda mrefu, kuliko makaa yalivyohitaji. Kisha akajifuta uso kwa kanga, akasema ni moshi.

"Basi wewe usiseme kilo yoyote, Baba Mdogo. Nitakwenda mwenyewe, nimpe kinyozi mkono. Halafu nimwambie anionyeshe alimtolea wapi."

"Utaenda kumvua?"

"Sasa nimwachie kinyozi?" Akacheka, na nusu ya kicheko kile ilikuwa ya baba yake. "Mimi ndiye mwenye ugali."

Siku ile ile niliondoka Naivasha, na sijarudi tena. Miaka yote nilikuwa nikirudi pale kama mtu anayerudi kuangalia kama amefunga mlango, na asubuhi ile niliona hakuna mlango ninaodaiwa. Akinyi alinifungia samaki wa kukaanga kwenye gazeti, tukapeana mikono, akaenda kwenye mkutano wake na mimi nikapanda hadi barabarani. Lori la vitunguu likasimama. Dereva alikuwa mtu wa Mwingi, mwenye maneno mengi, na hatukumaliza kona ya kwanza kabla hajaninusa.

"Mzee, unatoka ziwani. Huko bado kuna samaki kweli, au ni hadithi tu?"

"Wamo," nikamwambia. "Tena wakubwa."

"Wakubwa kiasi gani?"

Nikanyoosha mikono kumwonyesha. Mmoja ukamgusa yeye begani, wa pili ukatoka nje ya dirisha, kwenye upepo, na bado haikutosha.