Muda wa Kufika Sokoni
Karani wa takwimu hupangusa kishikwambi kwa pindo la kitenge kabla ya kila swali, na hurudia kila jibu kwa sauti ya chini, kama anayesali. Leo yuko kijijini Yaeda Chini, akipima uwezo wa wilaya kushindana kiuchumi na nyingine. Swali ni muda wa kufika sokoni, mjini Haydom.

“Andika nusu saa, mwanangu,” anasema Mama Marieta, mfugaji. “Wilaya nyingine zitatucheka.”

“Mama, mimi asubuhi kutoka Haydom nimetumia masaa matano.”

“Dereva wako mwoga huyo!”

Karani anacheka, kisha anapangusa kishikwambi tena. Akiandika matano, wanunuzi wa ng'ombe watakwenda kwingine. Akiandika nusu saa, barabara haitajengwa. Anaandika matano. Mtandao hakuna, kwa hiyo jibu halitatumwa mpaka afike Haydom, na njia nzima ataweza kulifuta.