Unga wa Nguvu Uliowekewa Wageni

Juzi kwenye zahanati moja huku kwetu Kilwa, benchi zima tulicheka. Mama mmoja wa rika langu alifungua kanga, akatoa kopo, akamwambia nesi: "Mwanangu, unga huu wa nguvu kaniletea binti yangu kutoka Dar. Mbona magoti yangu ni yale yale? Nikisujudu, mpaka nishikwe mkono ndiyo niinuke."

"Pole, bibi. Unakunywaje?"

"Mie? Mie sinywi, nawakorogea wageni. Kitu kizuri hivi!"

"Na mayai?"

"Ya wageni."

"Samaki je?"

"Mchuzi wake unanitosha."

Nesi akashika kiuno. "Bibi, humo mna amino asidi, ndizo mwili unazojengea misuli. Zimo pia kwenye samaki, mayai na kunde. Unga tutauzungumza tukishakupima figo, maana figo dhaifu hulemewa nao, lakini samaki anza leo. Na miguu uizoeze. Hebu simama bila kushika kitu."

Akajaribu, akarudi kwenye benchi puu! Basi sote tukapaza sauti: "Inama mbele, mwenzetu! Sukuma miguu!" Akainama, akauma meno, na huyooo, kasimama peke yake! Vigelegele vilivyopigwa, utadhani pana harusi.

Wazee wenzangu, tumekirimu wageni mpaka miguu yetu wenyewe imelala na njaa.

"Haya bibi, kaa sasa upumzike," nesi akamwambia.

"Niache kwanza," akajibu, kidevu juu. "Wanione."